Nilivyopima Utitiri wa Nyuki Ukweni

Jamani, leo nimevua suruali ukweni. Mchana kweupe. Mbele ya mama mkwe.

Ngoja nieleze. Baba yake Anitha, mchumba wangu, anafuga nyuki kule Bugarama. Siku hizi nyuki wake wanatambaa chini, mabawa yamejikunja. Majirani wanasema karogwa. Mimi nimesomea ufugaji nyuki (wiki moja, lakini cheti ninacho), nikamwambia, "Baba, si uchawi. Ni utitiri. Unawanyonya na kuwaambukiza virusi, ndiyo maana wanazaliwa vilema."

"Njoo unionyeshe," akasema. "Nikiuona, ndipo tutaongea habari za binti."

Basi leo asubuhi nikapanda bodaboda kutoka Nyamiaga. Ukweni mtu haendi mikono mitupu, kwa hiyo nilipakata kidumu cha juisi ya ndizi mbivu, kizibo jani la mgomba. Barabara yetu mnaijua. Nilifika suruali imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umejikojolea?"

"Hapana, baba! Ni juisi!"

Nikavaa koti na kofia ya wavu (vya kuazima, vinaishia kiunoni). Nikachota nyuki, nikawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, nikawamwagia sukari ya unga. Utitiri ukipakwa sukari unateleza, unamwachia nyuki. Nikatikisa chupa juu ya sahani nyeupe. Vikaanguka vidude vya rangi ya kahawia, vinatembea!

"Mchawi wako huyo hapo, baba!" Nilivimba kichwa, siwafichi.

Sasa, nyuki akikasirika hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Tulifundishwa kabisa. Mimi nilikumbuka wa kwanza aliponichoma pajani. Kumbe suruali yangu inapiga mbiu ya vita tangu nifike!

Nikaruka. Sukari yote iliyobaki ikanimwagikia. Nikavua suruali, nikaitupa, nikakimbilia jiko la nje, maana nyuki hawapendi moshi (elimu haikuniacha hata hapo). Humo mama mkwe alikuwa anamenya ndizi za kupika. Kwetu sisi, hata kumkazia macho mama mkwe ni kosa. Akaona kitu cheupe pe, kina kofia ya wavu na chupi.

"Mana yanje! Mungu wangu! Mzimu!" Akanirushia ndizi. Hakubakiza hata moja.

Nilijificha nyuma ya jiko nikilia, nikijua Anitha ndiyo basi tena. Mzee akaja, amenishikia kitenge cha mkewe nijistiri.

"Utitiri nimeuona," akasema, uso mkavu. "Na mke wangu amekuona wewe."

"Nisamehe, baba. Nitaondoka."

"Uondoke uende wapi? Mtu wa nje hawezi kutembea na siri kama hii. Utaoa."

Basi nimekubaliwa, nikiwa ndani ya kitenge cha mama mkwe. Siri hii nimewaambia ninyi tu, humu mtandaoni. Atakayecheka asije harusini.