Dirisha la Tano

Haraka haraka ina baraka tele. Inachokosa ni muhuri. Ndivyo ilivyofahamika katika Idara ya Majibu kwa Umma, na ndiyo maana Jumatatu saa tatu asubuhi Mkurugenzi alitoa tangazo zito, akalitia sahihi mara mbili lisije likapuuzwa: "Imebainika kwamba mtumishi mmoja amefungua dirisha linalojibu papo hapo. Hali imedhibitiwa. Watumishi wote wawe watulivu."

Idara ilikuwa na madirisha manne, yote ya kioo, yote yakitazama foleni. La kwanza lilikutuma kwa la pili, la pili kwa la tatu, la tatu kwa la nne, na la nne lilikuwa limekwenda kunywa chai. Utaratibu huo ulidumu miaka kumi na tisa bila lawama, kwa sababu barua za lawama nazo zilipitia hapo hapo.

Mtumishi mwenyewe alikuwa binti mwenye stashahada ya kompyuta, aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Ofisini walimwita Mabano, maana kila programu yake ilipogoma alisikika akinung'unika, "Nimesahau kufunga mabano." Miezi sita yake ilikuwa inaisha Ijumaa. Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, imekamilika kila kitu isipokuwa sahihi. Ikitiwa, ana kazi. Isipotiwa, anarudi kwa mama yake, ambaye alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba bintiye ni mtu wa serikali.

Kosa lake lilikuwa dogo. Alipewa kazi ya kupanga orodha ya barua zote zilizoingia, akatumia zana nyepesi kuliko zote: ukurasa mmoja mweupe wa kuandikia programu, na pembeni yake dirisha dogo lenye vishale vitatu. Unaandika swali mbele ya vishale, unabonyeza, jibu hilo hapo chini. Ukikosea, linakwambia umekosea mstari wa ngapi, wala haliweki kinyongo. Hata maneno ya makosa Mabano aliyageuza yawe ya Kiswahili. Hakuona sababu ya kugombezwa kwa lugha ya watu wengine wakati yake inagombeza vizuri zaidi.

Wa kwanza kuliona alikuwa Mama Faili, mtunza kumbukumbu, aliyekuwa amekuja kuazima gundi.

"Mwanangu, hapo ukiuliza unajibiwa?"

"Jaribu, mama."

"Hebu liulize, barua zilizopitisha mwaka bila kujibiwa ni ngapi?"

Mabano aliandika, akabonyeza. 4112.

Mama Faili alikaa chini. "Swali hilo nimeliuliza vikaoni tangu nikiwa mwembamba," alisema. Kisha akakimbilia chumba cha chai, na huko, kwa furaha, akatamka maneno yaliyoitikisa Idara: "Mabano kafungua dirisha! Tena linajibu!"

Habari ilipofika ghorofa ya juu ilikuwa imekwisha kukomaa: dirisha la tano, lisilo na kibali, limetobolewa ukutani. Kufikia saa sita Kamati ya Dharura ya Madirisha ilikuwa imeundwa, imekula, na imemtuma seremala na mbao nne akalizibe. Seremala aliupima ukuta wa chumba cha Mabano, akaugonga, akauwekea sikio.

"Dada, tundu liko wapi?"

"Liko ndani ya kompyuta, kaka."

"Sasa niipigilie mbao kompyuta?"

"Nani kakutuma?"

"Kamati."

"Basi pigilia hapo ukutani, kawaambie umemaliza."

Akapigilia. Kamati ikapokea taarifa ya kazi iliyokamilika, ikajipongeza.

Tatizo likawa ni umma. Uvumi wa dirisha linalojibu ulikuwa umetoka nje kabla ya tangazo, na Jumanne asubuhi watu sitini walikuwa wamejipanga mbele ya ukuta mtupu. Ofisa uhusiano alishuka kuwaeleza kwamba hapo hapana dirisha. Walimsikiliza kwa adabu, wakabaki. "Bora hapa," alisema mzee mmoja, "hapana wa kunifokea." Na ikumbukwe, kwa kuwatendea haki wote, kwamba foleni ile ilisonga kwa mwendo ule ule wa zile nyingine nne.

Jumatano Kamati ilishuka yenyewe, watu saba na viti vyao. Mabano aliwaonyesha kila kitu. Mkurugenzi alivikodolea macho vile vishale vitatu.

"Vinamwelekea nani hivi?"

"Havimwelekei mtu, mzee. Maana yake dirisha linasubiri uliulize."

"Yaani linalosubiri ni dirisha, si mwananchi?"

"Ndiyo, mzee."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alifunga daftari lake taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Haliwezi kufundishwa kuchelewa?" aliuliza Mkurugenzi.

"Linaweza kuamriwa lilale kwanza, ndipo lijibu. Sekunde tano, kumi, utakavyo."

"Siku ishirini na moja," alisema Mkurugenzi. "Za kazi."

Ilipitishwa bila kupingwa.

"Na barua yangu ya kuthibitishwa, mzee?"

"Ijumaa, binti. Ijumaa Katibu Mkuu anakuja kukagua, na mimi mwenyewe nitamwonyesha ubunifu wangu huu. Siku hiyo liwe macho. Akishaondoka, lilale."

Ijumaa Katibu Mkuu alifika. Alikuwa mama mfupi, miwani kifuani, asiyependa hotuba. Mkurugenzi aliketi mbele ya kompyuta, akaiweka barua ya Mabano pembeni, na kalamu juu yake, ili kila mtu aone jinsi anavyolea vipaji. Akaandika kwa kidole kimoja: Mimi ni Mkurugenzi.

Dirisha likajibu: Mstari wa 1 haueleweki.

"Linapenda kwa kifupi," alisema, akaandika: Mkurugenzi.

Jina 'Mkurugenzi' halijulikani hapa.

Akaliandika kwa herufi kubwa tupu.

Jina 'MKURUGENZI' halijulikani hapa.

Mama Faili aliinama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Halina dharau, mzee," Mabano alieleza. "Kila jina lazima kwanza uliambie linasimama badala ya nini. Unaandika jina, alama ya sawasawa, halafu hicho kitu chenyewe."

"Haya, liambie," alisema Katibu Mkuu. "Mkurugenzi sawasawa na nini?"

Mjumbe mmoja alipendekeza "kusimamia". Wa pili akapendekeza "kuratibu". Wa tatu, aliyekuwa na shahada mbili, akapendekeza "kusimamia uratibu". Dirisha halikulijua hata moja.

"Kwenye programu yangu," alisema Mabano, "kila mtumishi namtambulisha kwa barua alizojibu. Mfano, Mama Faili." Akabonyeza. 318. "Na wala si kazi yake."

Mkurugenzi aliona mlango wa kutokea. "Basi nami nitambulishe hivyo hivyo!"

"Mzee, una hakika?"

"Binti, humu ndani nani Mkurugenzi?"

Mabano aliandika, akabonyeza.

0.

"Limekosea. Rudia."

Akarudia. Sifuri ya pili ilikuja kwa kasi ile ile.

Katibu Mkuu alisogea. "Mwanangu, hebu nionyeshe barua iliyokaa kuliko zote bila kujibiwa."

Mstari mmoja, bonyezo moja. Kutoka: Katibu Mkuu. Yahusu: Kwa nini hamjibu barua. Imepokelewa: miaka minne iliyopita.

Alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Niliiandika kwa mkono wangu. Nikadhani imepotea njiani, nimewasengenya watu wa posta miaka minne." Akamgeukia Mkurugenzi. "Kuanzia Jumatatu, mheshimiwa, kaa ujibu barua. Moja moja. Anza na yangu, mpaka jina lako lijulikane."

Lakini Jumatatu ilikuwa bado, na kalamu ilikuwa bado ya Mkurugenzi. Aliichukua, akaishusha mpaka ncha ikagusa barua ya Mabano.

"Binti, mashine yako imetuvunjia heshima mbele ya mgeni. Omba radhi. Sema uliiandika vibaya, nami natia sahihi sasa hivi."

"Omba tu, mwanangu," Mama Faili alinong'ona. "Radhi haivunji mfupa."

Mabano aliugeukia ukurasa wake mweupe. Akausoma kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, bila haraka, kidole kikitembea juu ya kioo. Watu wazima tisa walisimama wakimsubiri.

"Mistari kumi na minane," alisema. "Yote iko sawa."

"Sijakuuliza kama iko sawa. Nimesema omba radhi."

"Nimekusikia, mzee. Siombi."