Itifaki ya Kuamsha Laptop

Tunawatangazia wananchi wote wa Kitengela na viunga vyake kwamba mwaka huu wa 2006 kituo chetu cha uchapaji kimeunda Kamati ya Kuamsha Laptop. Mwenyekiti ni mimi, Mwololo. Elimu yangu ni darasa la pili Machakos, la nne Athi River, na kipande cha la sita Namanga. La tatu na la tano nilikuwa safarini. Nilichaguliwa kwa sababu niko na miwani.

Laptop ilikuwa imegoma, inataka kuwekwa Windows mpya. Amri ya makao makuu Kajiado ilikuwa fupi: chochote kisichofanya kazi katika kituo hicho kufikia Jumatatu kihamishiwe Embulbul. Aliyekosa usingizi ni Naipanoi, mchapaji wetu wa kibarua. Laptop ikienda, kazi yake imeenda, na karo ya wadogo zake kule Ewuaso Kedong imeenda nayo.

Fundi Ishmael akaja na sidii ya Windows. Akafinya kitufe cha F2 kabla mashine haijaamka, ukatokea ukurasa wa bluu wenye orodha ya nani asomwe kwanza: diski ya ndani, halafu sidii, halafu flopi. Akasema sidii ipandishwe juu, basi.

Kamati ilishtuka. Jambo zito hivyo haliamuliwi na mtu aliyevaa ndala. Mjumbe wetu, Mzee Parsaoti, akauliza kwa upole hiyo sidii ni ya wapi. Ishmael akasema ameitoa Nairobi.

"Basi ni mgeni," akasema Parsaoti. "Na kwa baraza, mgeni rasmi huongea lini?"

"Mwisho," tukajibu sote.

"Wazee, hii si baraza," Ishmael akasema. "Diski ikitangulia, itagoma tu kama jana."

Bwana Wamalwa, Mratibu wa Mashine, akamwambia aheshimu wakubwa. Kisha akapiga simu Kajiado kuwajulisha kwamba, kwa maagizo yake mwenyewe, sidii inashushwa hadi mwisho.

Heshima ya kufinya nilipewa mimi. Niliambiwa nifinye alama ya kutoa ili sidii ishuke. Kwa miwani niliyonunua bila kupimwa macho, nikafinya ya kujumlisha, sidii ikaruka juu kabisa. Ishmael akaangalia skrini, akaniangalia. Akahifadhi mpangilio huo upesi kwa F10. Mashine ikanguruma, Windows ikaanza kuingia. Bwana Wamalwa alirusha mikono juu, akasema hiyo ndiyo faida ya itifaki.

Jumatatu akaja mkaguzi, Madam Gathoni. Alimkuta Naipanoi akichapa vizuri. Bwana Wamalwa akamweleza kwa kirefu vile alivyoiweka sidii mwisho. Madam akaizima mashine, akaiwasha huku akifinya F2, akasoma.

"Sidii iko ya kwanza. Nani aliiweka hapa?"

"Ni mimi, madam," nikasema. "Lakini haikuwa nia yangu."

Akamgeukia Bwana Wamalwa. "Na wewe, kazi yako hapa ni gani hasa?"

Alijibu mpaka chai ikapoa. Madam akaitoa ile amri, akaisoma upya pole pole, kisha akamwomba Naipanoi achape barua ya uhamisho kwenda Embulbul. Laptop haikutajwa.

Mimi niliteuliwa Kaimu Mratibu, kwa kuwa kituo kizima ni mimi peke yangu niliyekuwa na uzoefu wa kukosea vizuri.