Jiwe la Gramu Mia

Jumatatu, 3 Machi 1947. Changamwe.

Vita vimeanza. Bwana Meneja katuita mimi na Gershom, kasema mmoja wetu atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kupimia na kuwa mkubwa wa mwenziwe. Kila mtu aandike karatasi: mizani yetu ikaguliwe kila baada ya muda gani? Ataamua Jumamosi, mbele ya mkaguzi wa mizani kutoka kisiwani.

Ufunguo ni wangu. Mimi Sheikhan nimepima mbata, zile nazi kavu, katika kiwanda hiki cha mafuta ya nazi miaka minne. Gershom ana miaka miwili na miwani.

Nimechungulia alichoandika: kila Jumatatu, na tena kila mizani au jiwe lake likisafishwa, likianguka au likihamishwa. Woga mtupu! Mimi nimeandika mara moja kwa mwaka. Mizani ikishukiwa kila wiki itavunjika moyo, kama mke anayeulizwa kila jioni alikuwa wapi. Sentensi nzuri sana hiyo. Nimeipigia mstari.

Leo ilikuwa zamu yangu kukagua kwa yale mawe ya sandukuni, ambayo hayana kazi nyingine ila kusahihisha wenzao. Sikufungua sanduku. Nimetia sahihi kitabuni, basi.

Jumanne, 4 Machi

Shauri limenijia nikimtazama mke wangu Barke akisugua masinia yake ya shaba kwa ukwaju na majivu. Yanang'aa mpaka unajiona meno. Na jiwe letu la mizani la gramu mia, la shaba vilevile, je? Jeusi! Mkaguzi ataona aibu kulishika.

Nimelileta nyumbani ndani ya leso. Nimelisugua mwenyewe. Kitako chake kina kitundu, na kitundu kimejaa uchafu mgumu wa rangi ya kijivu, wa miaka na miaka. Nimeuchokoa wote kwa msumari. Barke kauliza kama huo si sehemu ya jiwe. Nimemwambia ashughulike na masinia.

Jiwe sasa ni kama pete ya harusi. Gershom atalia.

Jumatano, 5 Machi

Gershom hakulia. Kauliza kama nimelilinganisha na la sandukuni tangu nilisafishe. Nimemjibu kwamba husuda ni maradhi na dawa yake sina.

Kazi yenyewe si ngumu. Tunapima mbata gramu mia kwa jiwe kubwa, tunaitia jokoni mpaka ikauke kabisa, kisha tunaipima tena kwa mawe madogo. Ikipungua zaidi ya gramu sita, ina maji, na mwenyewe anaondoka na magunia yake. Leo nimewarudisha watu wanne! Siku zote hatupati hata mmoja. Bwana Meneja kanipiga bega, kasema jicho langu limekuwa kali.

Jiwe safi, jicho kali. Nimelala mchana kwa raha.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja baba mkwe, Mzee Mwinyihaji, na magunia mawili. Nimempa shikamoo yake, kaitikia marahaba, kakaa kwenye benchi akitabasamu. Nimepima. Zimepungua karibu gramu nane. Nimerudia. Nane vilevile.

Nimemwambia mbele ya watu kwamba mbata zake zina maji. Kasema amezianika siku tisa kwenye jua hili la kaskazi, na wallahi hata umande hazikuuona. Nimemjibu kwamba mizani haijui mkwe. Kachukua bakora yake.

Kitsao wa Chaani, niliyemrudisha jana, alikuwa mlangoni. Kachukua kipande cha mbata yake, kakivunja mbele ya pua yangu. Kah! Kauliza kama kitu chenye maji hulia hivyo. Nimemwambia sisi hapa tunatumia elimu, hatutumii masikio.

Jioni hapakuwa na chakula. Barke kasema mizani haijui mke pia.

Ijumaa, 7 Machi

Watu kumi na mmoja wamerudishwa. Ua wa kiwanda umejaa magunia na matusi. Mlangoni mwa msikiti, baada ya swala, nimetoa mkono na baba mkwe akawa anatafuta viatu vyake. Alikuwa amevivaa.

Barke kaenda kwao. Nyumba imenyamaza na mimi nimeumia, naandika haya hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Lakini sirudi nyuma! Wote wana mbata mbichi. Chaani nzima. Na baba mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi kafika. Kalisifu jiwe langu kwa kung'aa. Nikamtazama Gershom.

Gershom akafungua sanduku. Jiwe la sandukuni upande huu, langu upande ule. La sandukuni likashuka pu! Langu likabaki juu linang'aa. Limepungua gramu tatu.

Bwana Meneja kauliza Jumatatu nilikagua vipi, maana sahihi ipo. Nimesema nilikagua kwa nia. Mkaguzi akaligeuza jiwe, akauliza madini ya risasi yaliyojazwa kitakoni kusawazisha uzito yamekwenda wapi. Nimesema kwetu uchafu hutupwa. Gershom alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

Basi tulikuwa tunapima gramu tisini na saba na kuita mia, na zile tatu tukawahesabia watu kuwa ni maji. Mbata zote zilikuwa kavu. Waliorudishwa wameitwa tena, kwa radhi. Ufunguo kapewa Gershom. Mimi nimehamishiwa langoni, kupiga kengele ya kuingia na kutoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwomba radhi baba mkwe. Kasamehe haraka, nikashuku. Kisha kanionyesha magunia mawili, kasema yanarudi kiwandani leo, juu ya mabega ya yuleyule aliyeyakataa. Safari mbili, na jua la saa saba! Watu wa Chaani walitoka kutazama. Kitsao alikuwa akivunja mbata njia nzima. Kah! Kah!

Barke karudi. Kapika samaki wa kupaka. Nilikula nikiwa nimesimama, mgongo ulikataa kukaa.

Jumatatu, 10 Machi

Langoni si pabaya. Saa ya ukutani iko chini ya amri yangu, na kiwanda kizima kinakwenda kwa mkono wangu, Gershom na ufunguo wake wakiwemo.

Kapita asubuhi, kanishauri kwa upole nilinganishe saa kila siku na king'ora cha karakana ya reli. Kila siku! Nimemwambia mara moja kwa mwaka yatosha.

Aibu ni kile kisahani cha shaba kinachopembea ndani ya saa. Cheusi! Barke kauficha ukwaju, lakini nimeuona. Chini ya kisahani palikuwa na kiskurubu kidogo chenye kutu, cha kukipandisha na kukishusha tu, hakina maana yoyote. Nimekitupa.