Saa ya Marehemu Matile

Jijini Geneva watu humtazama mtu mkono kabla ya uso, na Blaise Vuagnat hakuwa na desturi ya kufika usoni kabisa. Jumamosi hiyo, kwenye soko la mitumba la Plainpalais, mkono uliomsimamisha ulikuwa wa bibi mmoja mnene aliyeuza vitambaa vya meza. Ulivaa saa ya kiume ya chuma, yenye vitufe viwili ubavuni, na uso wa saa hiyo uliokuwa mweusi zamani ulikuwa umefifia hadi rangi ya kahawa.

Mtu wa kawaida angesema imechakaa. Wakusanyaji wa saa hulipia uchakavu huo bei ya nyumba, mradi pasiwe na mpumbavu aliyewahi kuing'arisha. Hii ilikuwa na mikwaruzo yake yote.

"Habari za asubuhi, mama. Vitambaa hivi umefuma mwenyewe?"

"Mashine imefuma. Usinibembeleze, sema shida yako."

"Naona saa yako imesimama."

"Tangu mume wangu, marehemu Matile, aondoke. Alikuwa fundi kule La Chaux-de-Fonds, mji wa viwanda vya saa, hii ndiyo zawadi aliyopewa alipostaafu. Ngoja niijaze ufunguo uone kama—"

"Usiiguse!" Blaise alimdaka kidole. "Mafuta yameganda, mama. Ukiijaza leo, meno ya magurudumu yatasagana."

Hilo lilikuwa kweli. Blaise aliupenda sana ukweli kila ulipomfaa, na saa iliyokufa hununuliwa kwa bei ya maiti.

"Basi kuna fundi hapo ng'ambo," bibi akasema. "Twende afungue mgongo aangalie ndani."

Fundi yeyote wa mji ule angeuona uso wa saa ile, angepiga mluzi, na biashara ingeishia hapo.

"Ifunguliwe, na vumbi hili? Mama, unataka kumuua mzee mara ya pili?"

"Kumbe wewe unajua mambo, kijana."

"Kidogo tu," alijibu Blaise, akinyoosha mkono ili saa yake itokeze kidogo.

Saa hiyo, ya dhahabu, ndiyo kitu pekee halisi alichomiliki. Aliipata kwa hisani ya wajane wawili na daktari wa meno mmoja, ambao hawakujua kwamba wanachangia. Ilikuwa duka lake, leseni yake na mdhamini wake. Bila hiyo hakuna tajiri ambaye angemkaribisha mezani.

"Pesa sitaki, wanangu watanimalizia," bibi alisema. "Nataka saa inayotembea, nisikose treni. Kama hiyo yako."

"Hii? Mama, hii ni dhahabu!"

"Haya, tusigombane. Tuvuke kwa fundi, atuambie ipi inaizidi mwenzake."

Blaise alifikiri haraka. Ile ya bibi ingemletea bei ya hii yake mara thelathini, na asingehitaji tena kumpamba mjane yeyote. Alifungua mkanda. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu makini, na kwa kuwa watoto wa marehemu hupenda kwenda mahakamani, aliandika karatasi mbili: wamebadilishana kwa hiari, na hakuna atakayemdai mwenzake.

"Ongeza 'bila kufungua'," bibi alimkumbusha. "Wanangu wasije wakakusumbua."

Blaise aliongeza. Aliguswa na uungwana wake.

Jumatatu aliketi mbele ya Bwana Dufaux, mtathmini wa nyumba moja ya mnada. Dufaux aliiweka saa chini ya lenzi. Hakupiga mluzi. Alitia kifaa mgongoni, akazungusha, mfuniko ukatoka. Mle ndani hamkuwa na gurudumu wala springi. Mlikuwa na kidonge cha madini ya risasi, kizito kadiri ya mashine ya saa, kimezungushiwa pamba kisigongegonge.

"Na uso umeokwa ili ufifie," alisema Dufaux. "Tanuri la jikoni, moto mdogo. Kazi safi. Bibi mwenye vitambaa?"

Blaise aliitikia kwa kichwa.

"Amepaka rangi nyuso za saa kiwandani miaka arobaini. Mumewe alikuwa anauza maziwa."

"Nitamshitaki!"

Dufaux aliipokea karatasi ya makubaliano kutoka kwa Blaise, akaisoma hadi mwisho.

"Mwandiko mzuri. Wako?"

Blaise aliichukua karatasi, akaikunja mara nne.

"Wewe ni wa tatu kuingizwa mjini mwaka huu, bwana, na wote watatu mnazijua saa kweli kweli. Asiyezijua angeomba ifunguliwe." Dufaux aliutazama mstari mweupe wa ngozi kwenye mkono wa Blaise. "Ulimpa ipi?"

Blaise aliitaja kwa sauti ya mtu wa msibani. Dufaux alitikisa kichwa kwa heshima.

"Pamoja na boksi lake na karatasi za kiwandani?"

"Hapana. Sikuwa nazo."

"Aa." Mtathmini alirudisha mfuniko, akaisukuma saa upande wa pili wa meza. "Basi mwenzako wa mwezi Machi, aliyetoa na boksi, alimlipa vizuri kuliko wewe."