Uzio Usio na Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumwangalia binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Kaniachia kazi moja tu: kuzungushia bustani uzio, kuku wa Mwalimu wasije wakaila miche yake kumi na miwili ya nyanya. Si nyanya za hivi hivi. Mbegu ni za marehemu mama yake, mke wangu alizitunza kwenye kikopo cha dawa miaka minane, na kikopo sasa ni kitupu. Alilirudia hilo mara tatu pale mlangoni, machozi yakimlengalenga. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, bustani ina mwanaume. Nadhani hapo wasiwasi ulizidi.

Wavu kanunua mwenyewe, upo stoo pamoja na misumari. Wavu! Mwalimu, jirani yetu mstaafu, naye ana wavu. Mimi nitaweka kitu chenye heshima.

Jumanne, 4 Machi
Michongoma! Uzio unaoota wenyewe! Nimechomeka vijiti sitini kuzunguka bustani. Mikono imejaa miiba. Mwalimu kachungulia, kauliza itakua kwa muda gani. Nikasema miaka miwili, mitatu hivi. Akauliza kama kuku wameshaarifiwa wasubiri. Mzee yule ana ulimi! Wakati huo huo kishingo wake, kuku asiye na manyoya shingoni, kapita katikati ya vijiti taratibu, ananitazama. Dharau tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Mabanzi. Nilipaswa kuanza na mabanzi. Seremala wa barabara ya chini kanipa lundo zima, kaniuliza mlango utakaa wapi. Nikamweleza kwamba mlango ndio udhaifu wa kila ngome. Adui hupita wapi? Mlangoni. Ondoa mlango, umemaliza vita. Miche nitaimwagilia kwa mpira, nikiwa nje. Seremala alijikuna kichwa kwa penseli yake. Bila shaka hajawahi kulifikiria.

Ijumaa, 7 Machi
Umekwisha! Unanifika kidevuni. Nimempigia mke wangu simu. Kauliza kama wavu umetosha. Nikajibu kuwa uzio umetosha sana. Sikusema uongo.

Jioni Mwalimu kaja kumuulizia kishingo. Anasema wiki tatu sasa humwona dakika chache tu, akija kula pumba, kisha hupotea. Lazima kaatamia mahali. Nikamwambia akamtafute kwingine. Humu kwangu hapiti hata mende.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Nimeamshwa na sauti za vifaranga. Zinatoka ndani ya uzio! Kishingo alikuwa kaatamia chini ya majani ya maboga, mimi nikamzungushia ngome. Leo katoka na watoto tisa, anawafundisha kuchakura. Darasa kalifungulia kwenye tuta la nyanya.

Nikakimbilia mlangoni. Mlango gani? Nikaparamia mabanzi, suruali ikanasa kwenye msumari, nikaning'inia kichwa chini mpaka Mwalimu akaja na ngazi. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Haukubaki hata mche mmoja. Nimekaa chini katikati ya tuta, roho inaniuma. Mama mkwe alikuwa akiniwekea mimi nyanya ya kwanza kuiva, kila mwaka, hata mwaka ule nilipomvunjia tangi la maji. Nimwambie nini binti yake?

Mchana: nimepata jibu. Nimeenda sokoni, nimenunua miche kumi na miwili, nimeipanda. Nyanya ni nyanya. Mkubwa haumbuki kirahisi!

Jumapili, 9 Machi
Karudi. Kauzunguka uzio mara mbili akitafuta pa kuingilia. Kisha kachungulia kwa juu, kaniuliza kwa upole nani kapanda biringanya.

Nikaungama yote, mpaka suruali. Nilingoja kilio. Yeye kanishika mkono, kanipeleka kwa Mwalimu. Kule nyuma ya wavu wa kawaida kabisa ipo miche kumi na miwili, imenawiri. Kumbe ilikuwa ishirini na minne! Nusu alimpelekea Mwalimu kabla ya safari. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema tumeishi pamoja miaka thelathini na mmoja: ananipenda, na ananijua.

Baada ya chakula kachukua sindano, kanitoa miiba ya michongoma mmoja mmoja. Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu kaleta miche sita, na vifaranga wawili wa zawadi kwa mjukuu wetu. Mtu mwema, nilimsema bure. Mke wangu ana ombi moja: ning'oe mabanzi, nifunge wavu, leo hii. Nimeapa kwamba safari hii nimekoma, nitafanya kama alivyosema.

Ila vifaranga wanahitaji banda. Na mabanzi mazuri kama haya yapotee bure? Wavu utasubiri siku mbili, miche haikimbii. Nimeshachora: banda la ghorofa. Nimempelekea seremala mchoro. Kauangalia mbele na nyuma, kauliza mlango utakaa wapi.

Jamani, yule mtu na milango yake!