Madumu ya Ferruh na Chai ya Bi Nezaket

"Kulanti ya gari ni sumu, Şakir! Paipu ikitoboka, inaingia kwenye maji tunayoogea!"

"Na hiyo dawa ya kuzuia kuganda isiyo sumu, sumu yake ni bei, Bi Nezaket!"

Majirani hao wa nyumba moja walikuwa wakigombana mlangoni, theluji magotini. Mwaka jana Şakir alijaza maji matupu kwenye mtambo wa jua wa kupashia maji juu ya paa lao, baridi ya Erzurum ikayagandisha, paipu zikapasuka, na Bi Nezaket akaoga kwa birika hadi masika. Paipu mpya zilikula akiba yake yote. Leo zilikuwa tupu, na kesho baridi ilitangazwa ya kuua.

Mchuuzi Ferruh akasimamisha pikapu. Alikuwa mtoto wa Mersin, mji wa pwani, kule wanakoiona theluji mlimani kwa mbali, kama jamaa tajiri. Nyuma alikuwa na madumu ishirini ya kimiminika cha waridi: kumi na tisa maji ya bomba na rangi ya keki, moja dawa halisi ya kuonyeshea. Hilo alilinunua kwa pesa yake, kwa uchungu.

"Acheni kugombana, wazee wangu! Bei ya ile ya sumu, usalama wa maziwa!" Akapima kutoka dumu halisi, kipimo kikaapa kuwa haigandi hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Akafungua jingine, akapiga funda, akajilamba. "Mnaona? Mtoto anaweza kunyonya!"

Şakir akaingiza mkono mfukoni.

"Ngoja," Bi Nezaket akasema. "Biashara haifanywi mdomo mkavu. Ingia, mwanangu, unywe chai."

Ferruh akaingia kwa furaha. Mteja anayekupa chai keshanunua. Akaweka bonge la sukari shavuni kama walivyoweka wao, akanywa. Glasi ikajazwa. Akanywa. Ikajazwa. Mtu wa hapa akitosheka hulaza kijiko juu ya glasi. Ferruh, kwa adabu za kwao, alikiacha sahanini na kushukuru. Basi Bi Nezaket akamimina, akauliza habari za mama yake, za mashemeji, za talaka ya binamu, na kila glasi akichungulia dirishani.

Kwenye ya kumi na nne, jua limeshazama, Ferruh alishika tumbo. "Mama, naomba choo."

"Kwanza tukaone mali."

Nje, madumu kumi na tisa yalikuwa yamevimba kama wajawazito. Şakir akaligonga moja. Likajibu kama mlango. Akatikisa la mwisho. Likacheka: cho-cho-cho.

"Barafu imetuchagulia," Bi Nezaket akasema. "Hili, na maji kiasi chake, latosha mtambo wetu. Bei umeshainywa."

"Mama, hilo nimenunua kwa jasho!"

"Jasho, kwa baridi hii?" Şakir akakunja mikono ya koti.

Bi Nezaket akamsukuma pembeni. Alimtazama Ferruh, midomo imekuwa rangi ya bilinganya, magoti yamebanana.

"Choo ni mlango wa kushoto. Ukitoka, vua koti ukae. Kuna supu ya mtindi, na mezani kwangu hapigwi mtu."