Betri Iliyokaa Mahali pa Juu

Kök-Kashat,
Jumatano.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Bonde.

Ndugu Mhariri,

Naomba barua hii ikukute umekaa karibu na jiko linalowaka. Sisi huku tu wazima sote, isipokuwa gari.

Jina langu ni Kanyshai, binti wa Jumgalbek, nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Huenda hunifahamu. Hata walimu wangu hawakunifahamu vizuri, maana kila asubuhi nilipoitika jina langu sauti haikufika mezani kwa mwalimu. Kwa mujibu wa shule, mimi ni mtoro sugu aliyefaulu mitihani yote. Nimemaliza masomo mwaka huu na sijawahi kulalamika popote. Kabla ya kukuandikia nilifanya mazoezi kwa kumlalamikia ng'ombe wetu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, ndipo nikapata moyo wa kuja kwako.

Nalalamikia safu yenu iitwayo "Gari na Baridi", hasa ile iliyoeleza hatua za kufuata gari linapokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Gari letu ni la zamani, na baridi yetu unaijua. Baba ni mtu anayeheshimu maandishi. Akiambiwa jambo na mtu, hubisha. Akilisoma gazetini, hutekeleza. Kwa hiyo haya yaliyotupata nayaleta kwako kwa mpangilio.

Lalamiko la kwanza. Mwandishi wenu aliandika kwamba betri iingizwe ndani jioni na iwekwe "mahali pa juu". Mimi nadhani alimaanisha rafu. Lakini ndani ya nyumba yetu, kama ndani ya nyumba yako, mahali pa juu ni mahali pamoja tu: ni tör, pale panapotazamana na mlango, ambapo hukaa mgeni wa heshima au mkubwa wa nyumba. Baba aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akavua kofia, akamwomba Bibi asogee.

Bibi alisogea. Tangu siku hiyo betri hukaa tör juu ya magodoro mawili, na Bibi hukaa upande wa chini akiitazama. Jioni ya kwanza alisema, "Mgeni gani huyu, kaingia na salamu hatoi." Jioni ya pili akasema, "Angalau hali chakula kingi." Sasa anaisogezea mto.

Mimi hulala karibu na mlango. Unajua kwamba mtu hanyooshi miguu kuelekea tör. Nikinyoosha miguu yangu, inaelekea kwenye betri. Nilimuuliza Mama kama katazo hilo linaihusu hata betri. Akafikiri, akasema, "Usithubutu, mwanangu, kesho isije ikagoma." Basi nalala nimejikunja kama mtoto wa mbwa, kwa kuiheshimu.

Lalamiko la pili. Hatua inayofuata ilisema injini ifunikwe kwa kitu kizito cha sufu. Kitu kizito cha sufu kilichokuwepo nyumbani ni zulia alilolishona Mama kwa mkono wake, lenye mapambo ya pembe za kondoo dume, ambalo lilikuwa likisubiri siku ya kuolewa kwangu. Sasa linalala juu ya boneti na linanuka petroli. Mama alilia kidogo. Jirani yetu, Mzee Temirkul, ambaye ana farasi na kwa sababu hiyo ana maoni kuhusu kila gari, alimfariji kutoka upande wa pili wa ukuta: "Usilie, mama Kanyshai. Ataolewa na dereva. Kwao hayo ni marashi."

Sijui kama ni lalamiko, lakini nilicheka, kisha nikajificha zizini kwa aibu ya kuwa nimecheka.

Lalamiko la tatu. Kila jioni Baba humwaga maji ya rejeta ili yasigande na kuipasua. Kila asubuhi huyarudisha yakiwa yamechemka. Maji yanayochemka asubuhi nyumbani kwetu ni yale ya chai. Kwa hiyo gari hunywa kwanza. Kisha Baba huchota makaa yote jikoni, huyatia kwenye karai na kuyasukuma chini ya injini ili oili ilegee. Matokeo yake, Ndugu Mhariri, ni kwamba gari linaota moto, na sisi tunauota usingizini.

Plagi nazo ziliandikwa kuwa zipashwe moto. Hazikuandikwa zipashwe kwenye chombo gani. Zilipashwa kwenye kikaango cha maandazi ya Bibi, na tangu hapo kila anayekula andazi kwetu huuliza kama tumebadilisha mafuta.

Lalamiko la nne sina. Nilishaandika namba nikakumbuka kuwa nilichotaka kulalamikia ni pua yangu, nayo haihusiani na gazeti.

Lalamiko la tano linanihusu mimi na masikio yangu. Mwandishi wenu alisema dereva asikilize sauti ya starta. Ikigonga tu, kasoro ni betri. Ikizunguka kwa uvivu, oili ni nzito. Ikizunguka vizuri lakini gari lisishike, tazama petroli au plagi. Ni maelezo mazuri, hata fizikia tulifundishwa hivyo. Lakini Baba akiwa kwenye usukani hasikii vizuri, kwa hiyo nimeteuliwa kusimama mbele ya boneti, mbele ya watu, na kutangaza sauti ninayoisikia.

"Inasemaje?" Baba huuliza.

Mimi humjibu kwamba inazunguka kwa uvivu.

"Nini?"

Humjibu tena.

"Sema kwa sauti, binti yangu! Unatangaza gari, hutangazi siri!"

Na Mzee Temirkul, aliyekwisha kuegemea ukuta wake, huuliza, "Jumgalbek, kati ya starta na binti, nani anayetakiwa kupelekwa kwa fundi?"

Wiki iliyopita nilisema "plagi", Baba akasikia "baki", naye akabaki. Alikaa ndani ya gari akisubiri maelekezo zaidi hadi nilipoishiwa na ujasiri nikaingia ndani.

Lalamiko la sita ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mimi nimeombewa nafasi katika chuo cha uganga wa mifugo huko mjini, kozi inayoanza theluji ikiyeyuka. Nikiikosa, nitakaa nyumbani mwaka mzima, na Baba ameshasema kuhusu mwaka mwingine haahidi kitu. Ili kuipata lazima mtu afanyiwe usaili. Usaili, kama nilivyoelezwa, ni watu watatu wamekaa nyuma ya meza, na wewe mmoja umekaa mbele yake, na wanakuuliza, na lazima ujibu kwa mdomo.

Siku ya usaili wangu nilivaa gauni la bluu. Tulifuata hatua zote. Gari likakohoa, likanyamaza. Mtaa mzima ukatoka kusukuma. Mimi niliwekwa kwenye usukani kwa kuwa ndimi mwepesi, wao wakaja nyuma, na Ndugu Mhariri, sijawahi kusikia jina langu likitajwa na midomo mingi namna ile. "Kanyshai, achia klachi!" "Kanyshai, si sasa! Sasa!" "Kanyshai, hiyo ni breki, mama!" Kati ya kusukuma na kusukuma walinipa na ushauri wa usaili kupitia dirishani. Mmoja alisema nisiinamishe kichwa. Mwingine akasema nisikiinue sana pia. Mzee Temirkul akasema nimwambie mkuu wa chuo kwamba yeye, Temirkul, aliwahi kumchinjia baba wa mkuu huyo kondoo, na kondoo mwenyewe alikuwa mnono.

Mwishowe alifungwa farasi. Farasi alituvuta hadi darajani, akasimama, akatugeukia akatutazama. Hapo ndipo usaili wangu ulipoishia. Chuo, kwa wema wao, wamenipa siku nyingine. Ni kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, na wameandika kwamba hakuna nyingine baada ya hiyo.

Lalamiko la saba. Jumapili alitutembelea mzee mkubwa wa ukoo, aliyekuja kuniombea dua ya safari. Baba alitoka kumpokea, akamfungulia mlango, na pale pale wote wawili wakaona kuwa tör ina mtu. Baba hakuweza kuiondoa, maana gazeti lilisema, na hakuweza kumkalisha mgeni chini, maana si adabu. Alisimama katikati ya chumba kama gari lenyewe.

Mzee akaitazama betri kwa muda. Akauliza, "Huyu ni wa ukoo gani?"

Baba, kwa hofu, alijibu ukweli. "Ni wa volti kumi na mbili, mzee."

"Kumi na mbili!" Unajua kuwa kwetu mtu huhesabiwa kwa mababu zake saba, na asiyeweza kuwataja si mtu. Mzee akavuta godoro upande wa chini, karibu na Bibi. "Mimi nataja saba tu," akasema. "Kanishinda. Mwacheni akae."

Alipomaliza kuomba dua aliitazama betri, na mpaka leo sina hakika ni nani kati yetu aliyeombewa.

Kutokana na hayo, naomba mambo yafuatayo, na naomba kwa heshima.

Kwanza, mchapishe masahihisho kwamba betri si mgeni, na kwamba "mahali pa juu" ni rafu. Ikiwa gazeti haliwezi kukiri kosa, basi mwandishi wa safu aje mwenyewe akae tör, ili Baba atii maandishi na betri ipate kushuka. Bibi yuko tayari kumsogezea mto.

Pili, muiombe serikali isogeze asubuhi. Hakuna sababu asubuhi ya majira ya baridi ianze asubuhi. Ikianza baada ya chakula cha mchana, oili itakuwa laini, petroli itakuwa tayari, na watu watakuwa wamekunywa chai.

Tatu, na hili ndilo nililolifikiria zaidi, mkiombe chuo kifute usaili wa mdomo kwa wote wanaotoka sehemu za baridi. Wanitumie maswali kwa barua, nami nitawajibu kwa barua. Nafahamu ugonjwa wa kwato, nafahamu ndama anavyozaliwa akiwa ametanguliza miguu ya nyuma, niliwahi kumtoa mmoja kwa mikono yangu. Ukiniuliza kwa mdomo nitakuambia "sijui". Kwa maandishi, kama unavyoona, nina mengi. Hatua hii itaokoa magari ya wilaya nzima yasiteseke bure kwa sababu ya kumpeleka mtu mahali akanyamaze.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapanga kurasa, mpishi wenu wa chai, anayeyapakia magazeti kwenye basi, na mwandishi wa "Gari na Baridi", ambaye simchukii isipokuwa asubuhi. Baba anamsalimu sana. Bibi anasalimu, na anasema betri nayo ingesalimu kama ingefundishwa adabu.

Nabaki mimi, msomaji wenu mtiifu, mwenye miguu iliyokunjwa,

Kanyshai, binti wa Jumgalbek.

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Gari limewaka. Baba amezungusha ufunguo mara moja, kabla hata maji hayajachemka, likanguruma kama vile halijawahi kumkosea mtu. Hatujui kwa nini. Baba anasema ni gazeti. Bibi anasema betri imeona aibu. Mzee Temirkul alikuja na farasi, akakuta hahitajiwi, akaingia kiti cha nyuma kwa madai kwamba na yeye ana shughuli mjini. Mama yuko ndani ya gari, Bibi yuko kiti cha mbele, honi inalia, na mtaa mzima uko nje unaliita jina langu.

Nimewaambia nimerudi kuchukua glavu. Glavu nimezivaa, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Nimesimama nyuma ya zizi.

Ndugu Mhariri, futa yote niliyoandika hapo juu, gari halina tatizo lolote. Nina ombi moja tu lililobaki. Muulize mwandishi wenu gari linalowaka vizuri huzimwaje bila mwenye gari kujua. Anijibu haraka sana, maana nasikia Bibi ameshashuka kuja kunitafuta.

Ila sasa nafikiri. Hapa kwetu hakuna posta. Posta iko mjini. Ili swali hili likufikie, lazima nipande gari.